Waheshimiwa Wanapita: Sifa za Slaidi na Vichupo

Wapo watu wanaoilaumu slaidi. Nawajua, wengi wao wana haraka, na haraka haina baraka. Wanafungua tovuti, wanakutana na picha kubwa inayoteleza kuipisha picha nyingine kubwa, nao wanaanza kunung'unika kwamba walikuja kutafuta namba ya simu. Namba ya simu! Kana kwamba ofisi ya watu ilijengewa tovuti ili ipigiwe simu.

Mimi ninayejipatia riziki kwa kutengeneza tovuti za shule, saccos na nyumba za wageni, kuanzia Mugeta hadi Bunda mjini, nimeona nisimame niitetee. Sijawahi kumuuzia mteja kitu kikamfurahisha kama picha zinazopita zenyewe. Hajui zinaitwaje, wala hana haja. Huuliza tu, "Kijana, na zile zinazopita utaniwekea?" Nikijibu kwamba zitakuwepo, tunaelewana bei.

Sifa yake kubwa ni kuleta amani. Kuna shule moja ya binafsi ambayo bodi yake ilikaa asubuhi nzima kuamua picha ya kuweka mbele. Mwenye shule alitaka ile anayopokea cheti. Mwalimu mkuu alitaka maabara. Mwenyekiti wa bodi alitaka bweni jipya, ambalo bado lilikuwa halijaezekwa. Mwalimu wa taaluma, maskini, akapendekeza tarehe ya usaili na kiasi cha ada. Akatazamwa kama mtu asiye na maono. Nikawaambia zote zitaingia na kila moja itapata sekunde tano. Kikao kikafungwa kwa sala, soda zikaletwa. Slaidi ni meza kuu ambayo viti vyake havijai: kila mtu anakaa katikati, kila mtu anatambulishwa, itifaki imezingatiwa bila mshereheshaji kushika kipaza sauti.

Sekunde tano hizo sikuzitunga mimi. Bootstrap, yale maboksi ya kujengea kurasa ambayo Mark Otto na Jacob Thornton wa Twitter waliyatoa bure mwaka 2011, huja na slaidi iliyokwisha kupangiwa milisekunde 5,000. Na sisi mafundi, tuseme ukweli, huwa hatugusi palipokwisha kupangwa. Sasa jaribu kusoma ndani ya muda huo: "Mkuu wa Wilaya akiweka jiwe la msingi la zahanati wakati wa ziara ya kukagua na kuzindua miradi ya maendeleo." Msomaji wa mwendo wa kawaida anafika kwenye "ziara", jiwe limeshaondoka, amekuja mtu anapanda mti. Kwenye simu, ambako ndiko wasomaji wetu walipo, mambo ni matamu zaidi. Picha iliyopigwa kwa upana hukatwa kushoto na kulia ili ienee kwenye kioo chembamba. Mheshimiwa anabaki bega na mkono ulioshika mwiko wa saruji, na yale maelezo marefu yanalala juu ya uso wa mgeni rasmi. Hapo ndipo unyenyekevu wa kiongozi unapoonekana.

Usisahau bando. Picha imetoka kwenye kamera kama ilivyo, MB nne. Weka tano, ni MB 20 kabla mwananchi hajaona neno hata moja. Kaduara kanazunguka, mtu anainua simu juu kuutafuta mtandao, anahama kutoka kivuli cha mwembe kwenda barabarani. Ni mazoezi ya viungo, na hayamlipishi kiingilio.

Wazungu wamejaribu kuiharibia jina kwa takwimu. Mwaka 2013 Erik Runyon, wa Chuo Kikuu cha Notre Dame huko Marekani, alihesabu mibofyo akakuta kwamba katika kila wageni 100 ni kama mmoja tu aliyebofya slaidi, na kwamba asilimia 84 ya mibofyo hiyo ilikwenda kwenye picha ya kwanza. Mwaka huohuo Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, akaandika kisa cha mama mmoja wa Uingereza aliyetumwa kutafuta kama Siemens walikuwa na punguzo la mashine za kufulia. Punguzo lilikuwa pale juu kabisa ya ukurasa, kwa herufi za pointi 98, nalo lilikuwa linapita. Yule mama hakuliona. Nielsen analeta kisa hiki kama lawama! Mimi naona muujiza: maandishi makubwa kama kichwa cha mtoto, mbele ya macho ya mtu anayeyatafuta, na bado siri imetunzwa. Bila shaka ubongo wake ulikwisha kuzoea kwamba kinachochezacheza kwenye ukurasa ni tangazo la biashara, ukaamua kutokitazama. Nao W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, katika mwongozo wao wa mwaka 2008, wanataka kitu chochote kinachojiendesha zaidi ya sekunde tano pembeni ya maandishi mengine kiwe na namna ya kukisimamisha. Kumsimamisha nani? Kiongozi akiwa katikati ya ziara?

Vichupo, vile vibandiko ambavyo ukigusa kimoja sehemu yake hufunguka na nyingine hufichwa, navyo vina heshima yao, japo havina makeke. Slaidi huonyesha usichokihitaji. Kichupo hukificha unachokihitaji, na kwa adabu, kwa sababu hakuna anayeweza kusema hakikuwekwa. Mkulima wa huku kwetu, tembo wakitoka hifadhini usiku wakamaliza mtama wake, asubuhi anataka kujua utaratibu wa kifuta jasho: aripoti kwa nani, fomu ipi, ndani ya siku ngapi. Anafungua tovuti ya ofisi fulani. Anakuta vichupo vimejipanga: Dira, Dhamira, Historia, Huduma, Nyaraka. Kilichofunguliwa tayari ni Dira. Anasoma kwamba ofisi inalenga kuwa na jamii iliyowezeshwa. Akitumia kompyuta ya steshenari akatafuta neno "kifuta" ndani ya ukurasa, anaambiwa halipo, kwa kuwa kilichofichwa kwenye kichupo kilichofungwa hakionekani hata kwa kitafutio. Akiomba achapishiwe ukurasa wote apeleke kwa mtendaji wa kijiji, printa inatoa Dira. Analipa, anaondoka na Dira mkononi, na tembo wanajua njia ya kurudi.

Nisisahau upande wa pili, maana kuna ukurasa unaotuaibisha sisi mafundi kila Januari. Ni ule wa matokeo ya kidato cha nne wa Baraza la Mitihani. Herufi za alfabeti juu, majina ya shule chini yake, ukigusa shule linafunguka jedwali: namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, masomo. Basi. Hakuna picha inayopita, hakuna aliyekata utepe, hakuna hata mtoto mmoja anayetabasamu akiwa na darubini. Unafunguka kwenye simu iliyopasuka kioo, kwa mtandao wa vijiti viwili, na kabla chai haijapoa kijiji kizima kinajua nani kapata daraja la kwanza. Mtu aliyeutengeneza ama hakuwa na bodi juu yake, ama bodi yenyewe ilikuwa safarini.

Sisi wengine tuna tovuti za kuheshimika. Mwaka 2017 zilizinduliwa za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara, kwa umbo moja, na tangu hapo kila mteja wangu anataka yake ifanane na za serikali: picha zinapita juu, "Tazama zote" pembeni, "Viunganishi Linganishi" chini, ramani ya dunia yenye idadi ya wasomaji. Saccos yenye wanachama wa vijiji vitatu nayo inataka ramani ya dunia. Naweka. Nani ajuaye, huenda kuna mtu Norway anayefuatilia riba zetu.

Bei yangu haijabadilika. Kuweka slaidi ni elfu hamsini, picha mnaleta wenyewe. Kuitoa ni laki mbili, nusu inatangulia, kwa sababu itabidi nihudhurie kikao.