Ndiyo Isiyo na Mwenyewe

Rekodi ya mbunge wa Busia au Tororo huwekwa mahali pawili: katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge huko Nairobi au Kampala, na katika matanga ya Jumamosi. Ya pili ndiyo nono.

Bungeni, kura nyingi hupigwa kwa sauti. Spika huuliza, "ndiyo" na "la" huvuma, kisha yeye huamua ni upande upi ulionguruma zaidi. Sauti haina jina, na ndiyo maana ni vigumu kumpata mbunge aliyeunga mkono kodi iliyochukiwa. Taabu huanza majina yanapoandikwa. Desemba 20, 2017, wabunge 315 wa Uganda walikubali kuondoa ukomo wa umri wa rais, 62 wakakataa. Juni 25, 2024, Kenya ilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na hata wasiojua Hansadi ni nini wakasoma orodha jina kwa jina.

Kwa maswali ya bungeni, mpaka wa Kenya na Uganda una maana. Katiba ya Kenya ya 2010 ilimtoa waziri bungeni. Baadaye kanuni zikabadilishwa ili aitwe kujibu. Nchini Uganda, waziri kwa kawaida ni mbunge, hivyo muulizaji humbana mwenye kiti anachokitamani, tena kwa upole. Foleni ya malori Malaba, ambayo upande mmoja ni kaunti ya Busia na wa pili ni Tororo, inaweza kuulizwa katika mabunge yote mawili, na kila waziri ana jirani wa kumsingizia.