Namna ya Kuwapa Pole Waliofiwa na Bel Air

Ukialikwa kwa mpenzi wa magari ya kale, usitaje jaribio la 2009 la kugonganisha magari kabla ya chakula. Subiri watu washibe, na hata hapo hakikisha mwenye nyumba ameketi. Huu ni msiba, na msiba una taratibu zake.

Mtaje marehemu kwa jina kamili: Chevrolet Bel Air ya 1959, milango minne, injini ya lita 3.9 yenye silinda sita za mstari mmoja. Usithubutu kusema "lile gari kuukuu". Kumbusha kwamba mabawa yake ya nyuma yalilala bapa wakati ya magari mengine mengi ya Marekani yalisimama wima, na wafiwa watajua umekuja kwa heshima.

Kisha eleza kifo kilivyotokea, bila kutia chumvi. IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani, ilikuwa inatimiza miaka 50. Katika kituo chake cha Ruckersville, jimbo la Virginia, iliikabilisha Bel Air na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikienda kama kilomita 64 kwa saa, zikagongana upande wa dereva. Malibu ilikunjika pua, chumba cha abiria kikabaki na umbo lake. Bel Air ilibomoka hadi ndani, usukani na dashibodi vikaifuata sanamu ya majaribio pale kitini. Wachunguzi walisema mtu halisi angekufa papo hapo. Wa Malibu angetoka na jeraha dogo la mguu.

Hapo mabishano yataanza, na ni haki ya wafiwa. Mmoja atasema gari halikuwa na injini. Mjibu kwa upole kwamba ilikuwemo. Mwingine atasema lile wingu la rangi ya kahawia lilikuwa kutu, kwa hiyo gari lilikuwa limeoza. Mwambie taasisi ilieleza kuwa ni vumbi la barabarani lililojikusanya kwa miaka mingi. Wa tatu ataleta habari ya fremu, na huyu mwache aongee mpaka achoke, kwa sababu anasema kweli: fremu ya Bel Air ilikuwa na umbo la X, haikuwa na vyuma vinavyopita pembeni, na pigo lilitua mahali penye udhaifu huo. Akimaliza, mkumbushe kwamba familia ziliuziwa gari hilo hilo, likiwa na fremu hiyo hiyo, na lori linalokuja halichagui pa kugonga.

Usije ukamfariji mtu kwa kusema Bel Air zilikuwa nyingi. Ni kweli, Chevrolet ilitengeneza magari zaidi ya milioni moja ya mwaka ule, lakini hakuna mfiwa anayepozwa kwa kuambiwa watu wapo wengi. Gari lililofika miaka 50 limefika kwa sababu kuna waliokataa kuliuza kama chuma chakavu. Mimi nalia na wafiwa, na bado naitetea taasisi. Ile imani kwamba bati zito la zamani linamlinda mtu utaikuta Detroit, utaikuta na kwa mwenye Peugeot 404 katika gereji ya Nairobi, na kwa imani hiyo watoto wanapandishwa kiti cha nyuma bila mkanda. Sehemu ya mbele isipokunjika kwa mpango, nguvu ya pigo inamtafuta mtu.

Na dawa ilikuwa imeshapatikana. Mwaka huo huo wa 1959, Mercedes-Benz ilitoa gari la W111, lililobuniwa kwa mawazo ya Béla Barényi ili ncha zake zikunjike na chumba cha watu kibaki kigumu. Mwaka huo huo Volvo ilianza kufunga mkanda wa pointi tatu wa mhandisi Nils Bohlin. Hili lisemwe msibani kwa sauti, maana hasira ya wafiwa imeelekezwa kwa waliolivunja gari, na stahili yake ni waliolijenga hivyo.

Rambirambi bora ni kumsindikiza mwenye gari kwa fundi. Mikanda ifungwe, na boliti zake zishike chuma kizima chenye bamba la kuimarisha, si sakafu iliyoliwa na kutu. Masta silinda ya breki iliyo ya njia moja ibadilishwe iwe ya njia mbili, ili bomba moja likipasuka breki zisipotee zote. Akigoma kwa kuogopa kuharibu uasilia wa gari, mwambie vipuri vya zamani avitunze kabatini, siku ya maonyesho avirudishe. Kisha muombe akuzungushe mjini Jumapili asubuhi, barabara zikiwa tupu, na usikubali gari liondoke kabla hajafunga mkanda wake.