Makochi Nje

Mimba ilipotimiza miezi saba nikagombana na kioo. Kipo kwenye mlango wa kabati la nguo, mkabala na kitanda, hivyo kila nikiamka kinaniwahi: pua imetanda, mashavu yana mabaka, mstari mweusi umeshuka toka kitovuni kama uliochorwa kwa mkaa. Nesi wa kliniki alishanieleza kuwa mabaka na mstari ni kazi ya homoni, na kwamba mwanamke mwenye uzito wa wastani huongezeka kama kilo 11 hadi 16 mpaka ajifungue. Mimi nilikuwa nimeongeza 9. Kioo hakikusoma hesabu.

Asubuhi hiyo sare ya harusi ya binamu iligomea mabegani. Nikaita vijana wawili wa mkokoteni: kabati litoke, likakae stoo. Nyumba zetu hizi za Makorora, Tanga, zina milango myembamba. Ili kabati lipite sebuleni, makochi yote yakatangulia nje.

Mwenyeji yeyote ameshajua yaliyofuata. Makochi nje, mwenye nyumba kizingitini analia: huo ni msiba. Jirani wa kwanza akatua ndoo. Wa pili akajifunga kanga kiunoni, akaangua kilio. Nikitaka kueleza, kwikwi inanikaba. Nikaishia kunyoosha kidole chumbani. Wakaelewa wao: mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Muheza na kifua chake. Haikupita saa, mikeka imetandikwa, sufuria ya chai iko mafigani, mjumbe kafungua daftari la rambirambi. Mume wangu akashuka kwenye bodaboda, kandambili mguu mmoja, anaita, "Mama! Mama yangu!"

Marehemu akatoka chooni na kopo mkononi. "Kafa nani?"

Wote wakanigeukia.

"Hakuna, mama. Nimejiona kwenye kioo."

Nilitegemea matusi. Jirani mmoja akasema mimba yake ya tatu pua ilikuwa ikitangulia kuingia mlangoni, wakacheka. Mwingine, mtu mzima, hakucheka. Alisema mimba ya kwanza alioga gizani miezi miwili ili asijione, na hakumwambia mtu. Chai ilikuwa tayari, basi wakakaa.

"Mbona hukusema?" mume wangu akaninong'oneza.

"Wewe si ndiye unayeniita bonge?"

Masikini, alidhani ananibembeleza. Tangu siku ile ameliacha, ingawa mara mbili nimemsikia akilimeza.

Mjumbe alirudisha michango kwa kusoma majina. Yule mtu mzima akakataa zake. Akasema ninunue dera pana. Nimelivaa sasa hivi.

Usiku mama mkwe akauliza alichangiwa kiasi gani. Nikamwambia shilingi 23,500. Alinuna mpaka asubuhi.