Mali ya Serikali

Ukitaka kujua uuguzi unaheshimiwa kiasi gani katika nchi hii, tangaza tu kwamba unaomba kusomea shahada ya pili ya uuguzi. Shangazi yangu wa Laela alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka chini ungo wa maharage aliyokuwa akiyachambua, akauliza kwa huruma: "Mwanangu, kwani hizo sindano mpya zinachomwa wapi, hadi mtu asome miaka mingine 2?"

Nikamweleza taratibu. Kwamba Muhimbili kuna uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, kuna wa afya ya akili, kuna ukunga, na kila mmoja ni fani ya kujitegemea. Akatikisa kichwa kama aliyeelewa. "Sawa. Na ukimaliza ndipo unakuwa daktari?" Hapana shangazi, nitakuwa muuguzi. "Bado?" akasema, na kurudi kwenye maharage yake.

Simlaumu. Wodini kwetu Sumbawanga wagonjwa huniita dokta kwa sababu navaa suruali, na daktari wetu wa kike, ambaye ndiye anayeniandikia nini cha kufanya, humwita sista na kumtuma akawaitie dokta. Tumeshaacha kubishana. Akitumwa, huja kuniita, kisha tunakwenda wote wawili na yeye anatibu.

Masharti ya kuomba, ukiyasoma kwenye karatasi, wala hayatishi: shahada ya kwanza yenye wastani usiopungua 2.7, mwaka 1 wa mafunzo ya vitendo baada ya chuo, na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Vyote nilikuwa navyo. Ambacho hawakukitaja popote ni jina. Tangu Mapadri Weupe walipoingia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, Ufipa imejaa watakatifu, na kila mtakatifu huandikwa kadiri ya elimu ya aliyeshika kalamu siku hiyo. Padri aliyenibatiza aliandika Bonifatius. Mwalimu aliyenisajili kwa mtihani wa kidato cha nne akaandika Boniface. Dada wa kitambulisho cha taifa, aliyekuwa na foleni ndefu na mtoto mgongoni, akaandika Bonifasi, na kwa maoni yangu ndiye aliyepatia. Mfumo wa maombi uliwaona watu 3 wanagombea nafasi 1. Ikabidi niende kwa wakili nikaape kwamba wote hao ni mimi. Wakili alisoma kiapo, akanitazama juu ya miwani, akauliza: "Una uhakika?"

Halafu kuna ruhusa ya mwajiri. Mtumishi wa umma haandiki barua kwenda kwa mtu. Anaandika barua kupitia kwa watu. Juu unaandika jina la bosi mkubwa, chini yake "kupitia kwa" muuguzi kiongozi wa wodi, "kupitia kwa" muuguzi mkuu, "kupitia kwa" mganga mfawidhi, na kila mmoja anaongeza mstari wa mkono na mhuri. Ikifika mwisho, nafasi ya jibu haipo tena. Baba mdogo, mzee wa Mpui asiyependa mambo ya kujianika, alikuwa amenionya mapema: "Safari hii usimwambie mtu. Mji wetu unaujua." Nilimtii kabisa. Sikumwambia mtu hata mmoja. Barua ilikaa masjala kwa muda, ikatafutwa, ikapatikana kwenye jalada la mtumishi mwingine anayeomba likizo ya uzazi, na ilipotoka huko mama anayeuza maandazi getini alinipokea kwa vigelegele: "Dokta! Kumbe unatuacha!"

Chuo kilitaka pia barua za watu wanaonifahamu kikazi. Kiongozi wangu mmoja alifurahi sana kuombwa. "Andika mwenyewe, ulete nisaini," akasema. Sasa mtoto wa Kifipa aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, anajisifiaje kwa mkono wake, tena kwa Kiingereza, tena kwa sauti ya mkubwa wake? Nilikaa usiku kucha. Nikaandika kwamba huyu kijana ni mchapakazi wa kipekee, kiongozi wa kuzaliwa, mwenye utulivu wa ajabu nyakati za dharura. Hadi nilipofika mwisho nilikuwa nimeanza kumpenda. Kiongozi akaisoma, akachukua kalamu nyekundu. Kwenye "mchapakazi wa kipekee" akapiga mstari, juu yake akaandika "anafika kazini." Penye "kiongozi wa kuzaliwa" akaweka alama ya kuuliza. Utulivu akauacha. "Hilo ni kweli," akasema, "wewe ni mkimya."

Ikaja picha. Ndogo, ya paspoti, nyuma iwe bluu. Fundi mmoja jirani na stendi ana kibanda, kigoda na shuka la bluu lililotundikwa kwa misumari. Nikakaa, nikainua kidevu, nikapigwa. Haikuchukua muda. Kijana wa steshenari alipoifungua kwenye kompyuta ili aikate kwa vipimo vya chuo, tuliona wote kwa pamoja, juu kidogo ya kichwa changu, kwa herufi zilizofifia lakini zinazosomeka vizuri tu: MALI YA SERIKALI.

Naomba msomaji afahamu kwamba kila zamu inapobadilika wodini huwa tunahesabu mashuka. Mmoja anashika daftari, mwingine anahesabu kitanda kwa kitanda, na hesabu haijawahi kukubali. Tumeshutumiana, tumeandikiana barua za kujieleza, tumewahi kupekua hata gari la kubebea maiti. Na sasa nilikuwa nimekaa mbele ya jibu, kifua mbele, nikiwa nimelilipia.

"Niyafute maandishi?" kijana akauliza. Akajaribu. Yalipofutika yakaondoka na sehemu ya nywele zangu, na faili likawa zito kuliko mfumo unavyoruhusu. Akarudisha picha ya mwanzo. "Lakini kaka, si uongo. Wewe si mwajiriwa wa serikali?" Ikapanda hivyo hivyo, na mfumo, uliokataa herufi moja ya Mtakatifu Bonifasi, haukuwa na neno juu ya mashuka.

Siku ya mwisho ya maombi ilinikuta msibani Kasesya, mpakani kabisa. Zambia, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ikituuzia umeme wa mkoa wetu wa Rukwa, siku hiyo ilinigawia na saa. Huko simu ikiona mnara wa jirani una nguvu zaidi, inahamia bila kuaga, na saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa 1. Mfumo ulikuwa unafungwa kabla tu ya saa 6 usiku. Simu ikanionyesha saa 5 na robo, nikamaliza chai ya msibani kwa adabu, nikasogea kando ya moto na kubonyeza kitufe cha kutuma. Dirisha limefungwa. Nikaonyesha simu kwa wazee waliokesha pale. Mmoja akashauri nivuke mpaka, nikaombe kutokea Zambia, kwa kuwa kule bado ilikuwa jana.

Asubuhi chuo kikatangaza kwamba muda umeongezwa. Nchi hii tarehe ya mwisho huwa ndiyo ya mwisho ya kwanza.

Usaili ulifanyika kwa njia ya mtandao, mwishoni mwa Oktoba, mawingu ya mwanzo yakiwa yameanza kujikusanya juu ya milima ya Mbizi. Nilifunga tai. Jopo likaniuliza kuhusu mgonjwa ambaye presha inashuka huku homa ikipanda, utaanza na nini, nikajibu: njia ya hewa, oksijeni, drip, damu ya kupima maabara kabla ya antibayotiki, mkojo upimwe kila saa. Wakaridhika, niliona kwa vichwa. Ndipo profesa mmoja, mwenye lafudhi ya Pwani, akavua miwani na kutabasamu: "Ndugu yetu, unatoka Sumbawanga. Nyie si ndio wenye radi za kuagiza? Sasa tukikunyima nafasi, itakuwaje?"

Jopo zima likacheka. Nami nikajiandaa kueleza, kwa heshima zote, kwamba Ufipa ni uwanda wa juu, mita zipatazo 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kwamba radi ni jambo la kijiografia.

Nilifika kwenye "uwanda". Ngurumo ilipasuka juu ya paa, mabati yakatetemeka, kitu kikalia pwaa nje kwenye nguzo, na umeme ukakatika mtaa mzima.

Mtandao wa simu ulichelewa kurudi. Uliporudi, ujumbe wa katibu wa jopo ulikuwa umeshaingia: "Ndugu Bonifasi, tumekuelewa vizuri sana. Jopo halina swali lingine." Na chini yake, peke yake kwenye mstari, mtu mzima kunizidi ameandika: "Shikamoo."