Benki, Ghala na Kituo cha Mafuta Chini ya Kitanda Kimoja

Kila Jumamosi asubuhi Burundi hufagia. Maduka hufungwa, magari hupungua barabarani, na watu hutoka na majembe, panga na mafagio kwenda kwenye kazi za maendeleo: kuzibua mitaro, kufyeka nyasi, kutengeneza njia za mtaa. Gitega, kwa kuwa ndio mji mkuu wa kisiasa, hujitahidi zaidi, maana kiongozi yeyote anaweza kuchomoza kwenye kona akiwa na jembe begani. Kazi ikiisha watu hurudi majumbani, hunawa miguu na kuingia katika chumba ambacho serikali haijakipangia Jumamosi yake: chumba cha kulala.

Mwalimu mmoja wa sekondari mjini humo na mkewe walikivumilia chumba chao mpaka siku dirisha lilipokataa kufunguka. Halikuwa na kasoro. Mbele yake yalisimama magunia mawili ya maharage, juu ya magunia sanduku, juu ya sanduku beseni walilopewa siku ya harusi, na ndani ya beseni kuku ameatamia. Mke akatangaza kwamba Jumamosi hiyo kazi za maendeleo zitaendelea ndani.

Hakuanza kichwa kichwa. Alikuwa ameona kwenye simu vipande vya video vya Marie Kondo, yule mama wa Kijapani aliyetoa kitabu cha kupanga nyumba mwaka 2011, kisha kipindi chake kikaanza kuonyeshwa Netflix Januari 2019, mwezi uleule ambao bunge la Burundi liliidhinisha Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa na kuiachia Bujumbura biashara. Mafundisho ya Kondo ni mepesi: shika kitu, jiulize kama kinakupa furaha. Kikikupa, kibaki. Kisipokupa, kishukuru, kiage, kiende zake.

Mke akainama, akatia mkono uvunguni na kuvuta kitu cha kwanza. Kilikuwa dumu la lita 20 la petroli.

"Baba, hili linakupa furaha?"

"Sana," mwalimu akajibu kabla swali halijaisha.

Hakuwa anatania. Kwa miaka kadhaa sasa mafuta yamekuwa adimu Burundi, kiasi cha magari kulala kwenye foleni ya kituo na madereva kulala ndani yake. Mwenye pikipiki akipata dumu lililojaa, hulificha karibu na mto wake. Tatizo ni kwamba mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi darini, hutambaa sakafuni ukitafuta moto. Na Gitega umeme ukikatika usiku, mtu huwasha mshumaa kwanza, ndipo akafikiria. Hapo mke hakuuliza tena habari za furaha. Dumu lilihamishiwa kibandani nyuma ya nyumba, na mwalimu akaambiwa kama ana wasiwasi na wezi alilinde kupitia dirishani. Dirisha, ikumbukwe, lilikuwa bado limezibwa.

Ikafika zamu ya maharage. Haya huvunwa kwa wingi Mei na Juni, na mwenye akili hauzi siku ya mavuno, wakati kila mtu anauza. Husubiri bei ipande, na mahali salama pa kusubiria ni pale anapolala. Lakini fukusi nao husubiri. Jike hutaga mayai katikati ya punje, mtoto hutoboa na kuingia, akishakua anatokea upande wa pili kwa tundu la duara, kisha anaanza matembezi. Kwa wiki kadhaa familia ilikuwa ikilaumu chandarua kwa kuruhusu wadudu, kumbe chandarua kilikuwa kinawazuia kutoka.

Dawa ya kwanza ya fukusi ni jua. Mkeka ukatandikwa uani, gunia likamwagwa. Kuku aliyekuwa kwenye beseni alitazama mambo hayo, akayaacha mayai yake na kwenda kuwaita kuku wa majirani. Mtoto wa darasa la tatu akawekwa mlinzi, akiwa na fimbo na amri ya kutocheza mpira. Alitii nusu ya pili kwa robo saa.

Kwenye nguo kazi ilisimama kabisa. Burundi mtu hahudhurii harusi ya ndugu kwa nguo yoyote tu. Kuna sare, na wanawake hupendeza kwa imvutano za rangi moja kuanzia mama wa bibi harusi hadi binamu wa mbali. Kabati la mke lilikuwa limehifadhi kila ndoa ya ukoo. Imvutano ya zambarau haiwezi kuvaliwa tena, maana kila mtu ataitambua. Haiwezi kutolewa pia, maana mwenye harusi ataiona mwilini mwa mtu mwingine. Mitumba ina nafuu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitangaza mwaka 2016 kwamba ingeachana nayo kufikia 2019; tarehe ilipita, na koti la mwalimu lenye jina la timu ya magongo ya barafu likabaki kwenye msumari wake.

Nyuma ya kabati ulipatikana mfuko wa mifuko. Agizo la kupiga marufuku mifuko ya plastiki lilitiwa saini Agosti 2018, watu wakapewa miezi 18 ya kujiandaa. Katika nyumba hii walijiandaa kwa kukusanya.

Mwaka 2023 ulikuwa na vituko vyake kwa wanaopanga vitu vyumbani. Januari, Kondo mwenyewe alikiri kwamba tangu apate mtoto wa tatu upangaji nyumbani kwake umelegea. Juni, Benki ya Jamhuri ya Burundi ikafanya alichoshindwa Kondo. Ilitangaza kwamba noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zinaondolewa, na kila mwenye nazo anazo siku 10. Nchi nzima ikafua, ikakung'uta na kupindua. Magodoro yaliyokuwa hayajainuliwa tangu yanunuliwe yalisimamishwa ukutani, soksi zisizo na mwenza zikachunguzwa kwa heshima, masanduku ya marehemu babu yakafunguliwa kwa dua. Waliokuwa wakisema benki iko mbali, chini ya kitanda ndiko karibu, walijikuta kwenye foleni ya benki wakiwa na vumbi la uvunguni nyusini. Mwalimu na mkewe nao walipindua chumba chote mwaka huo. Hiyo ndiyo mara ya mwisho dirisha lilipofunguliwa.

Vyumba hivi havijazwi na uzembe. Dumu liko pale kwa sababu kituo kilikauka, gunia kwa sababu bei ilipanda, vyandarua vya akiba kwa sababu malaria ilitangazwa kuwa janga Machi 2017. Ukimwambia mtu atupe, unamwambia asiamini alichokiona kwa macho yake. Benki ilifaulu kwa kuwa ilikuja na tarehe.

Serikali ilipoamua kupunguza vitu vyake yenyewe, haikusumbuka na maswali ya furaha. Mwaka 2025 mikoa 18 ilibaki 5, na tarafa 119 zikawa 42. Muyinga, aliko dada wa mwalimu, haukubaki mkoa tena. Uliunganishwa na Cankuzo na Ruyigi kuwa mkoa wa Buhumuza. Usafi mkubwa huo uliongeza mzigo chumbani, maana nani atathubutu kutupa cheti chenye mhuri wa mkoa ambao haupo? Mwalimu aliongeza bahasha ya pili ya vyeti kando ya ile ya kwanza, moja ya Burundi ya zamani, nyingine ya mpya.

Kufikia jioni kitandani palikuwa na mafungu matatu: ya kubaki, ya kutoa na ya kutupa. La kutupa lilikuwa na soksi moja, na watoto walishaichukua kutengenezea mpira. La kutoa lilifungwa vizuri likapakiwa kwenye gari linalopita Karuzi kwenda Muyinga, kwa dada huyo, ambaye chumba chake ni bohari ya vitenge na mabeseni yanayoingia kupitia mpaka wa Kobero.

Kesho yake dada akapiga simu.

"Wifi, mzigo umefika, asanteni. Nasikia mmepanga chumba?"

"Tumepanga, wifi. Hata dirisha linafunguka."

"Na uvunguni?"

"Kweupe. Unaweza kupitisha fagio."

"Alhamdulillahi," akasema dada. "Mimi hapa sina pa kukanyaga. Basi mwambie kaka asubiri gari la saa nane, nimempakilia magunia matatu."