Hongera, Mshahara wa Mwalimu

Mshahara wa mwalimu wa Tanzania unasemwa vibaya kila kijiwe, nami nimechoka kunyamaza. Leo acha niusifie.

Kwanza una adabu. Kabla mwenyewe hajauona, umeshapita kuwaamkia wakubwa: kodi ya mapato, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima ya afya, asilimia 2 za chama cha walimu, na kama mwenyewe alisoma chuo kikuu kwa mkopo, asilimia 15 za Bodi ya Mikopo. Benki nayo ina rejesho lake. Utaratibu unataka ibaki angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, na theluthi hiyo huingia kimyakimya, majirani wasijue.

Pili, unajenga imani. Mwalimu humkabidhi mkopeshaji wa kausha damu kadi ya benki pamoja na namba ya siri, kisha mkopeshaji ndiye anayepanga foleni kwenye ATM mwisho wa mwezi. Wanandoa wangapi wameaminiana hivyo?

Ubunifu je? Chini ya meza kuna ndoo ya ubuyu, juu yake mfuniko, juu ya mfuniko andalio la somo. Kengele ya mapumziko ikilia, darasa la nne wanajifunza kutoa kwa vitendo: mia mbili toa mia. Mkaguzi ataona biashara saa za kazi. Mimi naona hisabati.

Eti ari imeshuka! Mwaka 2012 walimu waligoma, mahakama ikawaambia rudini, wakarudi. Mwaka 2016 elimu bila ada ilijaza madarasa na kupanda madaraja kukasimama kupisha uhakiki wa watumishi. Wakapaza sauti hadi dawati la nyuma na kuendelea kusubiri daraja. Wakilalamika huambiwa ualimu ni wito, na wito, kama ujuavyo, haulipi kodi ya nyumba.

Hata Uhuru una deni hapa. Nyerere aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaingia kwenye siasa moja kwa moja, jina la Mwalimu akaondoka nalo. Chaki ingekuwa inalipa vizuri, nani ajuaye?

Kwa hiyo nina ombi moja kwa serikali: uongezeni tu, msiogope. Sifa zake zitapungua, lakini tutazoea.