Wifi, Habari Ulizosikia ni za Kweli

Wifi yangu,

Salamu kutoka London. Kaka yako hajambo, anakula na ananung'unika, kwa hiyo afya ipo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kile kicheko kilichokumalizia bando. Jibu ni ndiyo. Na miaka yangu hii 56 nimeingia darasa la baleti.

Futa kwanza hiyo picha ya mimi kusimama juu ya ncha za vidole. Vile viatu vya ncha ndani havina chuma wala ubao, ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizokazwa kwa gundi, na mwalimu mwenye akili hakuvishi kabla vifundo vya miguu havijakomaa. Sisi tunavaa viatu laini vya kitambaa. Vyangu ni vya rangi ya ngozi yangu, na usidhani hilo ni jambo dogo. Miaka na miaka viatu vya ncha viliuzwa vya waridi, kwa kufuata mguu wa Mzungu, na mchezaji mweusi alikaa na sifongo akivipaka vipodozi vya uso, jozi baada ya jozi. Hapa Uingereza ni mwaka 2018 tu ndipo kundi la Ballet Black liliposhirikiana na mafundi wa Freed, vikatoka vya kahawia.

Shida yangu ni kiuno. Wewe unanijua. Kwetu ngoma ikilia kiuno ndicho kinachozungumza, miguu inasindikiza tu. Huku kiuno hakina ruhusa ya kusema neno. Piano ikianza, changu kinaitikia chenyewe, na mwalimu, kijana wa kumzaa kabisa, ananijia kwa adabu: nyonga zitulie. Zitulie wapi, wifi? Nyonga zilizofundwa unyagoni!

Halafu ukichunguza unakuta nyonga hizohizo ndizo zinazobeba mzigo wote. Miguu inatakiwa itazame nje, mmoja Tanga, mmoja Korogwe, na mgeuko huo sharti utoke kwenye nyonga. Ukijidanganya ukaupindisha kwa goti, goti litakulipiza. Yaani nyonga zifanye kazi yote na zisionekane. Kazi ya mke wa mtu hiyo, naijua.

Plie, ile ya kukunja magoti yakielekea pembeni huku mgongo umenyooka, niliipata mara moja. Wenzangu hawakulelewa juu ya mbuzi ya nazi.

Sasa hilo la kwamba nimechelewa. Royal Ballet School inachukua watoto wa miaka 11, na wengi wanafika wakiwa wazoefu. Mchezaji maarufu Rudolf Nureyev aliingia shule ya baleti ya Leningrad ana miaka 17, akaonekana mzee. Misty Copeland wa Marekani alianza na 13, naye akahesabiwa amechelewa. Mwaka 2015 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza wa kike kufika daraja la juu kabisa pale American Ballet Theatre. Mimi wote hao nimewapita kwa kuchelewa, na uzuri wake ni kwamba hakuna anayeniuliza nataka kuwa nani nikikua. Watoto wa chumba cha pili wakisahihishwa wanalia. Sisi tunaomba maji. Darasani kuna dereva wa basi mstaafu, na bibi mmoja wa Kijamaika ambaye mguu wake unafika juu kuliko heshima inavyoruhusu. Tena si sisi peke yetu: Royal Academy of Dance ina mpango mzima wa watu wa miaka 55 na zaidi, unaitwa Silver Swans.

Kaka yako alisema angekuja naye, ila mambo haya ni ya kike. Nikamwambia Louis wa 14, mfalme wa Ufaransa, alicheza nafasi ya Jua kwenye baleti mwaka 1653 akiwa na miaka 14, akafungua chuo cha dansi mwaka 1661, ndiyo maana mpaka leo tunaamrishwa kwa Kifaransa dunia nzima. Na wanawake ambao dansi ndiyo kazi yao hawakupanda jukwaa la Opera ya Paris hadi 1681. Akaniuliza chai iko wapi.

Kuhusu mavazi, mwambie mama atulie. Nimevaa fulana ya mikono mirefu na sketi juu ya soksi nzito. Aibu yoyote itatoka kwenye uchezaji.

Mwezi wa saba tutaonyesha tulichojifunza, na kaka yako amejitolea kurekodi. Video nitakutumia wewe peke yako. Ukiiweka kwenye grupu la familia, kumbuka ile yako ya singeli, harusi ya Muheza, bado ninayo kwenye simu.

Wifi yako,
wa London